Mvua haina kosa, kosa ni la chumvi tunayoiacha

Mtu aliyezaliwa Mombasa huijua chumvi kwa njia tatu: chumvi ya jikoni, chumvi ya baharini, na ile ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari hufungiwa katika madimbwi mapana yakakaushwa na jua hata yakabakisha mafungu meupe. Mimi nami nilizijua hizo tatu tu. Ya nne niliikuta ugenini, na hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi leo.

Ilikuwa mwezi wa Januari mwaka 2019, nami nimekwenda Uingereza kumzuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aishiye mji wa Leicester. Usiku mmoja tulikuwa twatoka msikitini baada ya sala ya Isha, baridi yakata masikio, likapita lori kubwa la rangi ya manjano lenye taa inayozunguka juu. Nyuma yake lilikuwa likitawanya kitu barabarani, na chembe zake zikaja kunigonga miguuni. Nikainama, nikaokota moja, nikaitia ulimini. Chumvi!

"Mjomba, usile hiyo!" akapiga kelele mpwa wangu. "Hiyo ni ya barabara."

Nilisimama nimeduwaa. Chumvi, neema ya Mwenyezi Mungu ambayo bibi zetu ikiwamwagikia jikoni huikusanya punje kwa punje, wenzetu huimwaga njiani kwa malori! Karibu niseme ni israfu. Mpwa wangu akanieleza. Maji matupu hugeuka barafu baridi inapofika nyuzi sufuri. Yakichanganyika na chumvi hayagandi mpaka baridi ishuke zaidi ya hapo. Na barabara iliyofunikwa na barafu haijui breki wala usukani: gari huteleza kama sabuni juu ya sahani, likavamia watu. Chumvi ile ya mawe, ambayo huchimbwa chini ya ardhi katika migodi kama ule wa Winsford, jimbo la Cheshire, uliofunguliwa mwaka 1844, huokoa roho za watu kila majira ya baridi. Basi si israfu. Nikanyamaza.

Hata hivyo neema hiyo ina upande wake wa pili. Chumvi iokoayo watu ndiyo ilayo magari. Na usiku ule ule, tulipofika nyumbani, nikaonyeshwa gari ambalo mpwa wangu alikuwa amelificha kwa kuiogopa.

GARI CHINI YA TURUBAI

Katika banda nyuma ya nyumba yake mpwa wangu ana Morris Minor ya mwaka 1968. Wazee wa Mombasa hawajaisahau Morris Minor, gari dogo la mviringo alilolibuni Alec Issigonis, likatoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1948, nalo likawa gari la kwanza la Kiingereza kupita idadi ya milioni moja. La mpwa wangu ni la ile namna iitwayo Traveller, ambayo nusu yake ya nyuma imeundwa kwa mbao. Mbao hizo si pambo. Ndizo zinazoshika paa na ubavu, na zikioza gari halifai tena barabarani. Mtu wa pwani akilitazama ataona ni jamaa ya jahazi, ila limepewa magurudumu.

Alilinunua kwa jirani yake, mzee wa Kiingereza, aliyeliendesha miaka zaidi ya 30, kiangazi na baridi, kwenda kazini na kwenda sokoni. Mpwa wangu akalipenda mno, na mapenzi hayo yakamfanya aliogopee. Kila mwezi wa Novemba, akiona lori la kwanza la chumvi, hulitia bandani, akalifunika turubai la plastiki, akafunga mlango, asilione tena mpaka Aprili.

"Nalihurumia, Mjomba," aliniambia.

Nikamwomba alifunue. Akastaajabu, lakini mjomba hakataliwi. Turubai lilikuwa limetoka jasho kwa ndani. Mbao za chini zilikuwa zimegeuka nyeusi, na katika mfereji wa kioo cha ubavuni kulikuwa na ukoga wa kijani kibichi. Nikaingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma, nikatoa tope bichi kama limetoka njiani jana. Nikamwuliza siku ya mwisho alipoliendesha. Akasema ni Novemba, siku ya mvua, na malori yalikuwa yamekwisha anza kumwaga chumvi. Alilileta nyumbani likiwa limelowa, akalifunika palepale.

Nikamwambia, "Wewe hukumfungia adui nje. Umemfungia ndani, pamoja na gari."

Msomaji asidhani nilikuwa mjanja kuliko kijana huyo. Kosa lake nilikuwa nimelifanya mimi kwetu Mombasa, mahali ambapo theluji haijawahi kuonekana, na nusura liniue pamoja na watu wengine.

GARI LILILOKAA EDA

Marehemu baba alinunua Peugeot 404 mwaka 1966. Watu wa makamo hawana haja ya kuelezwa 404 ni gari gani. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, likaanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na huku Afrika Mashariki lilijipatia jina lake matopeni. Mashindano ya Safari ya mwaka 1963 na yale ya mwaka 1968 yalipigwa na mvua isiyo kifani; kila mara yaliondoka magari zaidi ya 80, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mara zote mbili ushindi ulichukuliwa na Peugeot 404, na waendeshaji walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kwa hiyo mtu asiniambie kuwa gari la kale laogopa maji.

Gari la baba halikushindana na mtu. Kazi yake ilikuwa kuuhudumia mtaa. Lilipeleka waja wazito hospitali usiku wa manane, likapokea mahujaji uwanja wa ndege, likachukua maharusi sijui wangapi. Na baba alikuwa na ada moja. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda kuoga, huliosha gari hilo, akaanza chini kisha juu. Sisi watoto tulimcheka. Nani aonaye tumbo la gari? Yeye hujibu, "Kutu yaliona."

Alifariki mwaka 2011. Mama akakaa eda, na gari nalo likakaa eda pamoja naye. Ilipotimia miezi minne na siku kumi mama akatoka, gari halikutoka. Tulisema ni heshima ya marehemu. Dada yangu hakutaka mtu aketi katika kiti cha baba. Ndugu yangu mdogo alitaka liuzwe, lakini akaona haya kulisema neno hilo mbele ya mama. Mimi, niliyekuwa na ufunguo, nilifanya lililo rahisi kuliko yote: nililifunga bandani nikaliacha. Masika matatu yakapita juu yake.

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 kukawa na arusi ya binti mmoja wa ukoo, na bibi arusi yuko ng'ambo, Likoni. Mama akasema itampendeza achukuliwe na gari la babu yake. Nikalitoa. Nikatia betri mpya na mafuta mapya, nikalisugua mpaka likawa kioo. Laiti ningejua kuwa nimemvisha mgonjwa mahututi kanzu ya Idi!

Nilikuwa peke yangu nikiteremka kwenda kupanda feri. Mteremko ulikuwa umelowa maji ya bahari, na mbele yangu kulikuwa na akina mama na vikapu vyao, watoto wa shule, na mkokoteni wa madafu. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka sakafuni kama niliyekanyaga hewa. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote na kuuzungusha usukani kuelekea ukutani. Gari likaupiga ukuta, likakwaruza, likasimama. Kati yangu na ule mkokoteni zilibaki hatua zisizofika sita. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Bibi arusi alichukuliwa na teksi.

Fundi mzee aliyelitazama siku ya pili aliliinua kwa jeki, akaniita nilale chini pamoja naye. Akanionyesha paipu ya breki, ile ya chuma ipitayo chini ya sakafu. Pale ilipokuwa imebanwa na kikaango chake ilikuwa imevimba kama kijiti kilichooza. Akaifinya kwa vidole viwili, ikamegeka. Nyuma yake kulikuwa na tope la miaka, bado bichi. Magari mengi ya wakati ule yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, hakuna breki hata moja iliyobaki.

"Gari hili halikuharibiwa na mvua," alisema yule fundi. "Limeharibiwa na kusahauliwa."

MVUA NI MBALI, CHUMVI NI MBALI

Hapo ndipo penye rai yangu, nami nataka niieleze kwa uwazi, kwa sababu wenye magari ya kale huku kwetu na kule Uingereza huchanganya mambo mawili.

Kutu ni chuma kilichokutana na maji na hewa. Kikosekana kimoja katika hivyo viwili, kutu haiji. Maji ya mvua peke yake hufanya kazi hiyo polepole, na gari likipata upepo hukauka, kazi ikakoma. Lakini maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu hasa ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaopita kutoka mahali hata mahali katika kile kile kipande cha chuma. Chumvi ikiingia, kazi ya mwezi hufanywa kwa siku chache. Tena chumvi ina tabia nyingine iliyo mbaya zaidi: huvuta maji kutoka hewani. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, punje ya chumvi huanza kulowa yenyewe bila tone la mvua. Kila mama wa Kiswahili alijua hilo kabla ya wataalamu, ndiyo maana hutia punje za mchele katika kichupa cha chumvi wakati wa masika. Na unyevu wa Mombasa, usiku hasa, hupita kipimo hicho mara nyingi. Basi gari lililoshikwa na chumvi chini yake huku kwetu halikauki, hata likiwa limeegeshwa bandani miezi mitatu.

Kwa hiyo barabara iliyolowa si sawa na barabara yenye chumvi. Kule Leicester chumvi ina majira yake: humwagwa usiku wa baridi, kisha ikija mvua kubwa siku mbili tatu mfululizo husombwa ikaenda zake. Mwenye gari la kale ana haki ya kulizuia nyumbani siku zile njia ni nyeupe kwa chumvi, na siku zile mvua imekwisha osha njia akalitoa. Mvua hiyo ni rafiki yake. Sisi wa pwani hatuna majira ya namna hiyo. Chumvi yetu yaja na upepo, mwaka mzima, na wakati wa kusi zaidi. Nenda Leitihausi jioni, uketi garini ule mihogo ya kukaanga na uone mawimbi yakipiga mwamba. Ukirudi nyumbani pitisha kidole kwenye kioo cha mbele kisha ukilambe. Hakuna lori la manjano lililopita hapo, lakini barabara yetu nayo imetiwa chumvi.

HOJA YA WENYE KUFICHA

Wako watakaosema: kama ndivyo, si heri gari lifungwe ndani lisitoke kabisa? Hoja hii haina budi kujibiwa, kwani wenye kuisema si wajinga. Gari lisilotoka halipati tope jipya wala halipondwi na matatu. Ni kweli.

Lakini gari si sahani ya ukutani. Mafuta ya injini yasipozunguka huteremka chini, yakaacha vyuma vya juu vikiwa uchi. Mipira hukakamaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, yakaanza kuila paipu kwa ndani huku chumvi ikiila kwa nje. Panya hula nyaya. Na banda lisilopita upepo ni baya kuliko uwanja: joto huharakisha kutu, na gari lililoingizwa mle likiwa na chumvi na maji huliwa upesi kuliko lile lililoachwa nje kwenye baridi kavu. Mzee yule wa Kiingereza aliliendesha gari lake miaka zaidi ya 30 juu ya chumvi, na mbao zake zilikuwa nzima. Siri yake, alivyoniambia mwenyewe ukingoni mwa ua, ilikuwa mpira wa maji kila Jumamosi, na mafuta ya kupaka mbao kila mwaka. Mpwa wangu alilificha miaka minne, ukoga ukaota.

Basi anayetaka kulificha alifiche, lakini kwanza alioshe, alikaushe, aliache lipumue, na kila wiki mbili au tatu alitoe litembee mpaka injini ipate moto sawasawa. Anayelifunika likiwa chafu hajalitunza.

KULIENDESHA MAJINI

Nami sisemi gari la kale liendeshwe mvuani kama la siku hizi. La hasha! Hilo lina umri, nalo lataka adabu yake.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa huinua mafuta yaliyomwagika barabarani miezi mingi, na njia ikawa utelezi mtupu. Ukitanguliwa na gari lingine, liache mbali mara mbili ya ulivyozoea. La mbele yako huenda lina breki za kisasa zisizofunga gurudumu, lako halina. Tairi usizitazame meno tu. Gari litokalo mara chache huzeeka tairi zake kabla ya kulika, mpira ukawa mgumu, ukashindwa kuishika njia iliyolowa.

Gari la baba lina breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu ikiingia maji breki hupotea kwa muda, au hushika upande mmoja gari likavuta. Ukipita dimbwi, pita kwa gia ya kwanza, polepole, bila kusimama. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo huku gari likienda, mpaka joto lizikaushe, ndipo uongeze mwendo. Kama maji yalifika katikati ya gurudumu, usilale kabla ya kutazama mafuta ya ekseli. Yakiwa yamegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Na kama dimbwi hulijui kina chake, geuza gari urudi. Hakuna aibu.

Dainamo za zamani nazo hazina nguvu nyingi. Taa, waipa na honi vikifanya kazi pamoja katika foleni ya usiku, betri huanza kulipa deni. Kifuniko cha distributa na nyaya za plagi zifutwe ziwe kavu kabla ya safari, kwani ndizo zinazolizima gari katikati ya maji. Juu ya yote, uwe na subira. Gari hili halina haraka, nawe usiwe nayo.

MAJI YA KUOSHEA

Ukirudi nyumbani ndipo kazi yenyewe inapoanza. Wengi wetu huosha tunapopaona: boneti, milango, vioo. Kutu haikai hapo. Hukaa ndani ya madigadi, juu ya chesi, nyuma ya taa, chini ya mazulia, na katika chuma kilicho chini ya milango ambacho kwa ndani ni tupu kama mwanzi. Mahali hapo pana vitundu vidogo vilivyowekwa na kiwanda ili maji yatoke. Vitundu hivyo huzibwa na tope na majani ya mwarobaini ambao twapenda kuegesha kivulini mwake. Chukua kijiti, uvizibue. Ni kazi ya dakika kumi, wala haina gharama.

Na hapa niseme jambo ambalo kitabu chochote cha magari cha Kiingereza hakitalitaja, maana wao halijawafika. Angalia waosha kwa maji gani! Visima vingi vya kisiwani Mombasa ni vya maji ya chumvi. Tumezoea kuyanunua maji matamu ya kupikia kwa mkokoteni, na ya kisima tukayatumia kwa kufua na kuosha. Mwenye gari akilimwagia maji ya kisima kila Ijumaa adhani analitunza, kumbe analipaka chumvi upya, pengine ndani ya mifereji ambayo upepo wa bahari usingefika. Onja maji kwanza. Yakiwa na chumvi, usiyatie chini ya gari. Ndoo mbili tatu za maji matamu na brashi zatosha. Hatukuruhusiwa kufuja maji hata katika udhu, sembuse kwa gari. Au fanya alivyofanya baba wakati wa masika: alilitoa uani mvua inaponyesha, akalipa na kulipindua usukani huku na huku ili maji ya Mungu yaingie kila pembe ya madigadi, kisha akalala chini na brashi yake. Ndiyo maana nasema mvua haina kosa.

SIFA NA SHAHAMU

Baada ya kuosha na kukausha, kupaka. Nalo hili si elimu ya kigeni kwetu. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi waliishi ndani ya chumvi maisha yao yote. Mbao walizipaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haisahauliki kwa aliyewahi kuinusa. Upande wa chini ulio majini waliupaka shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Na wakati wa bamvua chombo kilipandishwa mchangani, maji yakipwa kikasuguliwa, kikakalafatiwa, kikapakwa upya. Hakuna nahodha aliyesema, "Chombo changu nakipenda, basi nakificha kisiguse maji." Chombo kisichoingia baharini hukauka, mbao zikapungua, na siku kitakapoingia kitavuja.

Magari yana sifa na shahamu zake. Wenzetu wa Uingereza hupuliza nta au mafuta ya manyoya ya kondoo ndani ya chesi na katika vile vyuma vyenye uwazi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba usipake juu ya tope wala juu ya kutu bichi, kwa sababu utakuwa umeifunika chumvi vizuri ikae kwa raha. Wako wapakao mafuta machafu ya injini. Mimi sishauri, huharibu mipira, hudondoka na kuingia ardhini, na ardhi hiyo ndiyo yenye visima vyetu. Na paipu za breki, ukizibadili, tafuta zile za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo hazishiki kutu. Hizo ndizo alizonitilia yule fundi mzee.

AMANA

Tangu mwezi wa Mei mwaka 2018 sheria ya Uingereza imewaruhusu wenye magari yaliyozidi miaka 40, kama hayakubadilishwa sana, wasiyapeleke kukaguliwa kila mwaka. Mpwa wangu alifurahi. Mimi nilimwambia asifurahi sana. Serikali haikusema kuwa gari lake ni zima. Imemwachia mwenyewe ajue kama ni zima. Mkaguzi akikosa kuliona tumbo la gari, ni lazima mwenye gari alione, maana wanaovuka njia hawakupewa ruhusa ya kutojali.

Sisi ndugu tulikaa baada ya lile la Likoni. Mdogo wangu sasa alilisema wazi: liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, fedha zigawanywe kwa kufuata mirathi, kila mmoja achukue fungu lake. Bei aliyopewa ilikuwa ya kilo, kama ya mabati. Dada yangu alitaka lirudi bandani, lifungwe milele. Nami nilikuwa na aibu yangu, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu. Gari lilikuwa la warithi wote, na aliyeshika mali ya wenziwe ameshika amana. Nilikuwa nimeiacha ioze kisha nikaiita heshima.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Baba yenu hakuwa mtu wa makumbusho," alisema. "Gari lake lilikuwa la kazi. Mtakayempa, alipe kazi. Asiyeweza kulitunza na aseme sasa, auziwe anayeweza."

Nikapewa mimi, kwa sharti la kuwalipa wenzangu mafungu yao, na kwa sharti kwamba litatoka kila wiki. Nimeshika yote mawili.

Hiyo ndiyo rai ninayoitoa kwa kila nyumba ya pwani yenye gari la marehemu limelala uani, likiwa la Kifaransa, la Kiingereza au la Kijapani. Kama mnalipenda, liendesheni. Kama hamliwezi, mpeni anayeliweza, hali bado lina sakafu. Na kama lipo kijana mtaani apendaye kazi ya kuchomelea mabati na kufunga breki za dramu, mpelekeni kwa wazee wa gereji ajifunze, kwani wazee hao wanapungua, na ujuzi wao haukuandikwa popote.

Mpwa wangu aliniandikia mwezi wa Machi wa mwaka ule wa 2019. Mvua ilikuwa imenyesha Leicester siku tatu, chumvi imesombwa njiani, naye amelitoa gari lake katikati ya mvua akaenda nalo sokoni. Mbao mbili za chini imembidi azibadili. Zilizobaki amezipaka mafuta.

Nawe msomaji, kabla masika hayajaanza, tandika mkeka chini ya gari lako, ulale chali, uchukue tochi. Usitazame rangi. Fuata paipu ya breki kwa kidole kutoka mbele hata nyuma, na mahali ilipobanwa usimame hapo uchunguze vizuri.